Shaba Iliyonyimwa Usingizi

Beseni lilikuwa la Donatha, na hilo ndilo lililomuuma kwanza, kabla hata hajaelewa kilichotokea. Védaste aliingia uani bila hodi, akaziweka kando nguo za mtoto wake Gwiza zilizokuwa zimelowekwa, akamwaga povu, akajaza maji safi kutoka kwenye jerikani ambalo Donatha mwenyewe alilipandisha na mgongo wake kutoka ziwani. Yote hayo ili amwaibishe Hitimana, mume wa Donatha, fundi wa taa.

Védaste alikuwa mkuu wa kikosi cha wavuvi wa sambaza, dagaa wa ziwa lile, mtu mwenye sauti ya kuvuka maji. Nyuma yake alisimama Karenzi, mpiga kasia wake, amezikumbatia karabai, taa zile za pampu wanazowasha wavuvi usiku ili samaki waufuate mwanga. Majirani walishaanza kupata kazi za ghafla karibu na ua: huyu anafagia palipofagiliwa, yule anatafuta kuku asiyekuwepo.

"Kuya uone, Papa Gwiza," Védaste alimwambia Hitimana. "Mi sisemi kitu. Maji itasema."

Akalizamisha tangi la karabai ya kwanza ndani ya beseni, akapiga pampu. Mapovu yakapanda juu, madogo, yamejipanga mstari. Akaitoa, akaingiza ya pili. Mapovu tena. Ya tatu, ya nne, hivyo hivyo. Mbili za mwisho hazikutoa hata povu moja.

"Hii mine njo ulipiga nyundo," alisema Védaste, akizigusa zile nne. "Hizi mbili haukugusa, ziko bien. Jana ku mwalo nilipiga pampu, nikasikia tak, petroli ya taa ikaniruka ku ndevu. Kama moto ilikuwa imeshika, leo mungelia maiti."

Hitimana aliokota karabai moja, akapitisha kidole gumba pale alipoondoa bonde. Ufa ulikuwa mwembamba kama unywele, umefuata alama za nyundo yake moja moja.

"Mbele ya kuzificha tulipima pamoja," alisema polepole. "Haikukuwa povu."

"Njo maana nauliza. Hizi ni mataa yetu, ama uliuza yetu Goma, ukatuwekea zingine?"

Hapo hata aliyekuwa akifagia aliacha kufagia. Donatha alimtazama mume wake, akingoja aseme neno, hata tusi. Hitimana aliiweka karabai chini kwa uangalifu, kama kitu kinacholala.

"Bon," alisema Védaste. "Sasa mwezi ni mukubwa, hatuendi ku ziwa. Giza ikirudia, kama haijaonekana hii ni nini, nabeba mataa yangu kwa fundi mwengine. Na kila mutu mwenye mutumbwi atajua sababu."

Akaondoka. Beseni alilipindua, maji yakatiririka mpaka mlangoni.

Jioni ile Hitimana alishusha mfuko wake wa vyombo vya kazi kutoka kwenye msumari, akauweka karibu na mlango. Donatha hakuuliza. Alimjua huyu mwanaume tangu Goma, ng'ambo ya mpaka, walikolelewa wote wawili kabla ya wazazi kusema sasa twende kwetu. Alijua kwamba akinyamaza ndiyo anapiga kelele.

"Nitarudia Goma," alisema hatimaye. "Kule bado iko watu wenye kumujua baba yangu."

"Goma iko vita."

"Hapa iko maji na beseni."

Alilala chali, macho wazi. Donatha aliposhtuka usingizini alimkuta vile vile, na alfajiri vile vile. Ukungu wa ziwa ulikuwa umeingia mpaka chini ya kitanda, au labda aliota hivyo. Siku hizo alikuwa haoni vizuri mahali ndoto inapoishia na chumba kinapoanzia.

*

Maneno yana miguu mingi kuliko mbuzi. Donatha alipofika sokoni, yalikuwa yameshafika na kukaa.

Libérata, muuza sambaza, alimpimia kopo lake la dagaa wakavu, akaligonga, akalimimina kwenye karatasi. Kisha mkono wake ukarudi mapajani. Donatha alingoja. Miaka yote Libérata alimwongezea matabishi, ile konzi ya bure juu ya kipimo, ambayo haishibishi mtu ila inamwambia mnunuzi kwamba tunajuana.

"Iko kitu ingine, Mama Gwiza?"

"Hapana."

"Leo sina matabishi. Watu wameniomba sana."

Palikuwa na rundo zima mbele yake. Donatha alikunja karatasi, akaaga, akatembea njia ya juu ambayo haipiti mwaloni. Alilia kidogo, si kwa ajili ya dagaa. Konzi moja, mtu angesema, ni nini? Ni kila kitu, ikiwa ndiyo iliyokuwa inakuhesabu kati ya watu.

Alipofika nyumbani alikwenda moja kwa moja kwenye zizi la mbuzi nyuma ya jiko. Mtu mwenye uchungu huchagua kazi chafu. Alianza kuondoa majani ya kulalia yaliyooza, na harufu ya mkojo ikapanda, kali, ikamchoma macho mpaka akashindwa kujua anachokililia sasa.

Hapa ndipo karabai zilipofichwa. Wavuvi walipokatazwa kutoka usiku kwa sababu ya usalama, mitumbwi iliburutwa haraka juu ya mawe, na karabai nyingi zikapondeka. Védaste alimletea Hitimana zote sita, nne zinyooshwe, halafu zote zitunzwe. Ulikuwa wakati wa watu kuamka na kukuta mlango haupo. Karabai ni mali, kila mwizi anaijua. Ni Donatha aliyesema ziwekwe ndani ya zizi, juu ya ubao, zifunikwe na majani ya mbuzi. Hakuna mwizi atakayeingiza mkono mle. Védaste alicheka mpaka akashika ubavu, akasema mwanamke huyu angefaa kuwa jenerali. Mbuzi walilala juu ya mali yake msimu mzima wa mvua na mwingine wa jua, mpaka marufuku ilipoondolewa.

Ubao ulikuwa bado pale. Donatha aliuinua aupeleke kuoshwa, na upande wa juu akaona duara sita za rangi, buluu iliyoingia kwenye kijani, nzuri ajabu, kama ziwa asubuhi. Mbuzi hawana rangi hiyo. Alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa akaitazama kwa muda mrefu.

Duara zilikuwa sita. Zilizopasuka zilikuwa nne.

Akaingia ndani. Juu ya meza ilining'inia karabai yao wenyewe, iliyonyooshwa wiki ile ile, kwa nyundo ile ile, baada ya Gwiza kuiangusha. Haikuwahi kulala zizini. Aliishusha, akaipiga pampu, akaizamisha ndani ya lile beseni. Maji yalitulia kimya.

*

Mwalimu Anastase alipanga chumba cha nyumba ya pili. Alifundisha kemia, na kwa kuwa alikulia Tanzania, Kiswahili chake kilikuwa kimenyooka kama kola ya shati lake. Watoto wa mtaa walimwiga, naye hakukasirika.

Aliunusa ule ubao Donatha aliomletea, akarudisha kichwa nyuma.

"Hiyo ni amonia, Mama Gwiza. Ile hewa kali ya mkojo. Shaba na amonia hawajapatana tangu dunia iumbwe."

"Njo mbuzi imekula mataa?"

"Ingekula zote sita. Hizo mbili zimepakwa rangi tu, juu juu."

"Na ile yetu ya nyumbani, bwana yangu aliipiga nyundo, na iko muzima."

Mwalimu aliingia ndani akatoka na kipande cha mpira wa baiskeli na wembe. Akaulaza mpira juu ya goti, akaugusa na wembe: ukabaki na mkwaruzo mdogo. Akamwomba Donatha aushike ncha moja, yeye akavuta nyingine mpaka mpira ukawa mwembamba, akaugusa tena vile vile, kwa wepesi ule ule. Ukakatika, ukamchapa Donatha vidole.

"Samahani. Lakini umeona. Wembe ni uleule. Shaba iliyopondwa halafu ikanyooshwa, machoni imetulia, ila ndani bado inajivuta. Amonia ikifika pale shaba inapojivuta, inakuta mlango wazi. Inaingia, inakula, ufa unafunguka, unazidi kuvutwa, inakula tena. Mahali palipotulia inabisha hodi tu na kuondoka." Akakuna kidevu. "Nisikudanganye, mama. Ninajua nusu. Nusu nyingine anaijua mwenye nyundo."

Donatha alirudi nyumbani akisugua vidole. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Hawakusema ufanye nini na ufa uliozaliwa pale pale ulipoziba.

*

Hitimana alikuwa amekaa mlangoni, mfuko wa vyombo kati ya miguu yake. Macho yalikuwa mekundu. Donatha alimweleza yote, ubao, mpira na wembe, karabai ya nyumbani.

"Donc ni zizi," alisema Hitimana. "Ni wewe."

"Nyundo bila mbuzi haikupasua. Mbuzi bila nyundo haikupasua. Ni sisi wawili, Papa Gwiza."

Alitegemea ukali. Alikuwa tayari ameshika kiuno. Lakini Hitimana aliangalia mikono yake, na uso wake ukalegea kwa namna iliyomtisha zaidi kuliko hasira.

"Muzee, baba yangu, alikuwa analaza," alisema.

"Analaza nini?"

"Shaba. Akimaliza kupiga tangi, mbele ya kulehemu kitako na risasi, anaizika ndani ya majivu ya moto. Moto hapana, majivu. Inalala mule mpaka inapoa yenyewe. Alisema shaba ukiipiga inaota mubaya. Ukiiacha hivyo, siku moja itaamka na kelele. Mi niliona ni maneno ya wazee."

"Na we ulikuwa unafanya, Goma. Nakumbuka yale majivu."

"Nilifanya. Tukafika hapa. Wa kwanza kuniletea taa alikuwa mutu wa hoteli. Nikalaza taa yake, ikatoka rangi ya chungu. Akanisema mbele ya watu: nilikupa taa, unanirudishia nyungu. Akakataa kulipa. Kuanzia pale nikaacha kulaza. Nikakuwa fundi wa kung'arisha."

Donatha aliketi kando yake. Alimwonea huruma, na alimkasirikia pia, yote mawili kwa pamoja: miaka yote hii mtu anatembea na maneno ya mwenye hoteli chini ya ngozi, na mkewe analala kando yake asijue. Alimgusa bega. Lilikuwa gumu kama ubao.

"Mwambie Védaste."

"Hatanisikia. Atasema natafuta mbuzi wa kumubebesha makosa yangu."

"Basi asisikie. Aone."

*

Ni Donatha aliyekwenda mwaloni, kwa njia ya chini, katikati ya watu. Védaste alimsikiliza akishona wavu, bila kuinua kichwa. Mwishowe alikuja, labda kwa udadisi, labda kwa sababu mwezi bado ulikuwa mkubwa na hakuwa na kazi.

Hitimana alikata vipande viwili kutoka kwenye tangi kuukuu lisilo na mwenyewe. Akavikunja vyote viwili, akavinyoosha kwa nyundo, mapigo yale yale, mpaka vikawa kama mapacha. Alimpa Védaste kisu.

"Weka alama yako. Usiseme kesho nimebadilisha."

Védaste alichora msalaba kwenye kimoja na samaki kwenye kingine. Chenye samaki Hitimana alikizika ndani ya majivu ya moto jikoni, wakangoja mpaka majivu yakapoa, Donatha akimpa mgeni wake chai ambayo mgeni hakuinywa. Kipande kilitoka kimefubaa, kahawia. Chenye msalaba kilikuwa bado kinameremeta. Vyote viwili viliingia zizini, chini ya majani mapya ambayo mbuzi walishayalowesha vizuri, na ndoo ikawekwa juu.

Siku zikapita taratibu. Kila jioni mwezi ulichelewa zaidi kutoka nyuma ya vilima, na kila ulipotoka ulikuwa umemegwa. Mtaa ulipotulia, Donatha alisikia mbuzi wakitafuna, na ilimjia kwamba wanatafuna kitu kingine, kisichoonekana, polepole, bila ubaya wowote. Kando yake Hitimana alitazama dari. Alikuwa hajasogeza mfuko wa vyombo. Mara nyingine alisinzia kidogo, kisha mguu wake ukaruka, akaamka.

"Unaota nini?" alimwuliza mara moja.

"Beseni."

Donatha aliomba Mungu, jambo la ajabu kidogo, kwamba kipande cha shaba kipasuke.

*

Védaste alirudi mwezi ulipokuwa umebaki ukucha. Safari hii alipiga hodi, ingawa kwa sauti ile ile ya ziwani, na majirani walirudi kwenye kazi zao za ghafla. Mwalimu Anastase naye alisimama kizingitini kwake, wembe wa kunyolea mkononi, nusu ya uso ina povu.

Donatha aliondoa ndoo. Vipande vyote viwili vilikuwa vimegeuka rangi, buluu na weusi. Védaste alivifuta kwenye suruali, akatafuta alama zake, akazipata.

Alichukua chenye samaki, akakikunja kati ya vidole. Kilikunjika. Akakikunja upande mwingine, kikakubali.

Akachukua chenye msalaba. Hakukikunja hata nusu.

Tak.

Sauti ilikuwa ndogo, lakini uwanja mzima uliisikia. Védaste alibaki ameshika nusu mbili, akizitazama kama mtu aliyepewa chenji isiyo sahihi. Alishika ndevu zake, pale mafuta yalipomrukia.

"Donc ni mbuzi," alisema.

"Ni mbuzi, na ni nyundo bila majivu," alijibu Hitimana. Sauti yake ilikuwa ya kukwaruza, lakini aliitoa ili hata aliye nje ya ua asikie. "Majivu ilikuwa kazi yangu. Niliacha kwa sababu watu wanapenda taa yenye kung'aa. Sikuuza kitu yako."

Védaste alikohoa. Kuomba msamaha hakukuwa kumeshonwa kwenye wavu wake. Alimgeukia Donatha badala yake.

"Na mi njo nilikuita jenerali."

"Uliniita."

"Nililala vizuri ile miezi, nikijua mataa iko chini ya mbuzi." Alitikisa kichwa. "Ukizilaza hizi mine, zitang'aa tena?"

"Hapana," alisema Hitimana. "Nitatia viraka, nitalaza, zitakuwa rangi ya nyungu. Kila mutu ataziona."

Védaste aliangalia majirani, kisha ziwa, kisha vipande mkononi mwake.

"Bon. Sambaza haiangalii tangi."

*

Hitimana alifanya kazi bila kusimama. Alifungua vitako, akakata viraka, akavipiga vikae sawa na mgongo wa tangi. Donatha alichoma kuni za mti mgumu, zile alizokuwa ameziweka kwa ajili ya sikukuu, akakusanya majivu yake kwenye shimo walilochimba nyuma ya jiko. Walizika matangi manne pamoja. Moshi haukuwepo, wala moto wa kuonekana. Joto tu lililopanda kutoka ardhini, na hewa juu ya shimo ikatetemeka.

"Sasa tunafanya nini?" aliuliza Donatha.

"Hakuna. Njo kazi yenyewe. Unaiacha."

Walikaa kando ya shimo, migongo ikiegemea ukuta wa jiko. Alimweleza jinsi baba yake alivyokuwa akikataza watoto kupiga kelele karibu na majivu, eti shaba inalala, na jinsi yeye na ndugu zake walivyotembea kwa ncha za vidole kwa ajili ya birika la mtu. Donatha alicheka. Hitimana naye alicheka kidogo, kwa mara ya kwanza tangu siku ya beseni.

Majivu yalipopoa waliyatoa matangi. Hitimana alilehemu, akayapima majini yeye mwenyewe, moja moja, na maji yakatulia. Yalikuwa mabaya kwa kuyatazama, kahawia, yenye viraka, hakuna mwenye hoteli ambaye angeyapokea. Aliyarudisha kwenye karabai zake, akazipanga ukutani. Kisha akarudi kukaa pale pale kando ya shimo, ambako ardhi ilikuwa bado na uvuguvugu, akasema anapumzisha miguu kidogo.

Donatha alipotoka na chai alimkuta ameanguka ubavu, shavu juu ya mkono, mdomo wazi. Alimtazama kwa wasiwasi, akingoja mguu uruke. Haukuruka. Bega lake lilikuwa limeshuka mahali pake. Aliweka chai chini, akaleta kitenge, akamfunika. Halafu aliingia ndani, akachukua mfuko wa vyombo pale mlangoni, akautundika kwenye msumari wake.

Jua lilikuwa linagusa maji aliposikia kikosi kizima kinakuja, wakiimba ule wimbo wa makasia, Védaste akiongoza. Walikuwa wamevaa makoti ya ziwani. Alitoka mbio akawakuta kwenye mlango wa ua.

"Muite Papa Gwiza," Védaste alisema kwa sauti kubwa. "Nataka awashe yeye mwenyewe ku mwalo, mbele ya watu wote. Nilimwaibisha mbele ya watu, donc..."

"Analala."

"Muamushe basi. Giza inaingia."

Donatha alifikiria ile hadhara ya mwaloni, watu wote wakitazama, Libérata na rundo lake, karabai zikiwaka moja baada ya nyingine mkononi mwa mume wake. Aliitamani sana. Ilikuwa yao, walikuwa wameilipia. Aligeuka akamwona Hitimana chini ya kitenge, kifua kikipanda na kushuka.

"Hapana," alisema. "Bado hajapoa. Mutawasha wenyewe."

Védaste alifungua mdomo, akatazama shimo la majivu, akamtazama mtu aliyelala kando yake. Akaufunga mdomo. Akageuka kwa wanaume wake, akaweka kidole kwenye midomo, na yule mtu mwenye sauti ya kuvuka maji akavua viatu vyake vya mpira pale mlangoni, akaingia uani peku.

Mmoja mmoja walimfuata, wakabeba karabai kutoka ukutani, wakatoka kwa ncha za vidole, makoti yao makubwa wakiyashika yasiguse beseni. Hakuna aliyeimba mpaka walipofika barabarani. Hitimana aligeukia upande wa pili, akaendelea kulala.